Mume wa Runinga, Mke wa Runinga, na Ninyi Wawili



Barua iliyonifanya niandike ukurasa huu ilitoka kwa mama mmoja wa watoto watatu. Ameniruhusu kuieleza, mradi nisitaje jina lake wala mji wake. Anasema kwamba miaka ile kipindi cha Papa Shirandula kilipokuwa kikirushwa na televisheni ya Citizen, nyumbani kwao hakuna aliyekubali kukikosa. Bwana yake alirudi kutoka kazini, akaoga, akaketi kwenye kiti chake. Watoto walijipanga sakafuni. Yeye mwenyewe alisonga ugali huku ameuacha mlango wa jikoni wazi ili asipitwe na neno. Walicheka pamoja, na anakiri kwamba zilikuwa jioni nzuri.

Wale wasiokikumbuka kipindi hicho niwakumbushe kidogo. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko hadi alipofariki Julai 2020, ni mlinzi wa getini. Lakini nyumbani hawalijui hilo. Asubuhi hutoka amevaa suti kama mtu wa ofisini, na akifika kazini huivua na kuvaa sare ya mlinzi. Mkewe ni Wilbroda, mama mwenye sauti kubwa, asiyeficha lililo moyoni mwake. Uongo wa Papa ndio uliokuwa mafuta ya kipindi. Kila mtazamaji alijua jambo ambalo mke halijui, na hapo ndipo kicheko kilipotoka.

Basi bwana wa mama huyu alianza kumwita mkewe Wilbroda. Mwanzoni lilikuwa jina la mapenzi, na mama mwenyewe alilipenda. Baadaye likabadilika. Akiuliza karo ya shule italipwa lini, jibu lilikuwa, "Wilbroda ameanza." Akiuliza kwa nini pesa za matumizi zimepungua, "Wilbroda ameanza." Watoto walicheka. Siku moja alimwambia kitinda mimba wake wa miaka minane akaoge, naye mtoto, bila kuondoa macho kwenye kioo, akasema, "Wilbroda ameanza." Mama alimchapa. Kisha akaingia chumbani akalia, na anasema hakujua analilia nini hasa, kwa maana ulikuwa mzaha tu.

Ndipo naye akalipiza. Asubuhi moja bwana alipokuwa akifunga tai mbele ya kioo, mama alimwambia watoto wakisikia, "Papa Shirandula, usisahau kubadilisha nguo huko getini." Watoto waliangua kicheko. Bwana hakucheka. Alikiweka kikombe cha chai mezani, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Wiki mbili baadaye mama alipata kujua. Kampuni aliyoifanyia kazi bwana yake ilikuwa imempunguza yapata miezi miwili kabla ya siku ile. Kila asubuhi alifunga tai, akabeba mkoba, akaenda mjini kuzunguka akitafuta kibarua, na alipochoka alikaa kwenye bustani hadi saa za watu kutoka kazini. Akirudi, aliketi kwenye kiti chake na kumtazama Papa Shirandula akifanya mambo yale yale, huku watoto wake wakicheka.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mama ananiuliza swali moja tu: "Je, ni runinga iliyotukosea, au tulikosa wenyewe?"

Ningeweza kumjibu haraka, kama tunavyojibu mara nyingi, kwamba runinga ni mbaya, izimeni msali rozari. Jibu hilo ni jepesi, na tena si la kweli. Kipindi kile hakikusema uongo. Wanaume wanaoficha hali ya kazi yao kwa wake zao wapo, na mama huyu alikuwa akiishi na mmoja wao. Wanawake wenye sauti kubwa wapo, na wengi wana sababu nzuri ya kuipaza. Mwandishi wa mchezo ana haki ya kumwonyesha mtu mmoja jinsi alivyo, na mchekeshaji hawezi kumchekesha mtu kwa malaika. Kama tungedai kila mke katika mchezo awe mpole na kila mume awe mkweli, tungepata hotuba badala ya mchezo.

Hata hivyo kuna kosa mahali, na ningependa tulitafute pamoja polepole.

Chukua mfano huu. Mgeni amekuja nyumbani kwako, nami jirani yako namweleza habari za mwanao. Namwambia kwamba alianguka mtihani wa darasa la sita, kwamba aliwahi kuvunja dirisha la kanisa, na kwamba juzi alimtukana mwenye duka. Yote matatu ni kweli. Sijasema kwamba ndiye anayemwogesha bibi yake mgonjwa kila jioni. Je, nimesema uongo? Hakuna sentensi hata moja ya uongo niliyotamka. Lakini nimemshuhudia mwanao uongo, na wewe ungekuwa na haki ya kunikasirikia. Ukweli uliochaguliwa vibaya unaweza kumdhulumu mtu sawasawa na uongo.

Ndivyo ilivyo kwa wahusika wa kike na wa kiume katika runinga. Mchezo mmoja hauna deni la kusema kila kitu. Lakini michezo mia ikimwonyesha mke yule yule na mume yule yule, hiyo mia kwa pamoja inashuhudia jambo ambalo hakuna hata mmoja wao uliolitamka: kwamba mke ni kelele, na mume ni mfuko wa pesa au ni kichekesho. Na hapa pana ugumu unaonisumbua. Kila mwandishi ameandika mchezo wake mmoja. Ukimshika atakwambia, nawe huwezi kumbishia, kwamba yeye amemchora mtu mmoja tu. Ni nani basi anayewajibika kwa ile mia? Wenye vituo vya televisheni wana sehemu yao, kwa maana wao ndio wanaochagua kipi kinunuliwe na kipi kiachwe, wala siwapi ruhusa ya kunawa mikono. Lakini mahali ambapo michezo hiyo mia hukutana, mahali pekee, ni sebuleni mwako. Mwandishi haioni yote. Wewe ndiwe unayeiona yote, jioni baada ya jioni. Kwa hiyo kazi ya kukumbuka lililoachwa haiwezi kufanywa na mwingine kwa niaba yako.

Nadhani itatusaidia kujua kwa nini michezo hii inafanana. Zile hadithi ndefu zisizokwisha zilizaliwa katika redio za Marekani miaka ya 1930. Waliozilipia walikuwa watengenezaji wa sabuni, kampuni kama Procter & Gamble, waliotaka mama wa nyumbani awashe redio mchana huku akifua na kusafisha, asikie tangazo la sabuni, na kesho arudi tena. Ndiyo maana hata leo Wamarekani huziita michezo ya sabuni. Hadithi ya namna hiyo ina sheria moja: lazima kesho iwepo. Wana ndoa wakipatana, hadithi imekwisha. Wakisameheana leo, mwandishi lazima atafute mtu wa kuwavuruga kesho. Ndoa yenye amani haiuzi sabuni.

Mtazameni Brooke wa The Bold and the Beautiful, mchezo ulioanza Marekani Machi 1987 na ambao wengi wetu tuliufuata hapa Kenya katika miaka ya 1990. Aliolewa na Eric Forrester, baadaye akaolewa na Ridge, kijana aliyelelewa kama mwana wa Eric, wakaachana, wakaoana tena, hata mtazamaji akipotea wiki mbili hajui nani yuko kwa nani. Hatupaswi kudhani kwamba waandishi walikaa wakapanga kuvunja ndoa za Wakenya. Walikuwa na vipindi vitano vya kujaza kila wiki. Lakini mtu anayemtazama Brooke kwa miaka kumi hupata somo bila mwalimu. Somo lenyewe ni kwamba mapenzi ni kitu cha kuja na kuondoka, na kwamba mwanamke ni mrembo kadiri anavyogombaniwa.

Kuna umbo lingine linalorudi. Mwaka 1979 Wameksiko walitengeneza Los ricos también lloran, hadithi ya Mariana, yatima maskini anayechukuliwa katika nyumba ya tajiri na kupendwa na kijana wa nyumba hiyo. Miaka 40 baadaye, mwaka 2019, Citizen ilianza kutuonyesha Maria, naye ni msichana maskini anayeingia katika nyumba ya tajiri, na kijana wa nyumba hiyo anampenda. Sisemi kwamba mmoja ameiba kwa mwingine. Ni hadithi ya zamani kuliko runinga, na Maria ilikuwa na utamu wake, nami niliitazama. Ninachosema ni hiki: ndani ya hadithi hiyo mwanamume mwema ni yule anayeweza kumtoa msichana katika umaskini, na msichana mwema ni yule anayevumilia hadi atolewe. Sasa keti karibu na bwana yako, mwenye mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, ukiitazama hadithi hiyo siku tano kwa wiki. Hakuna aliyesema neno. Lakini wote wawili mmesikia.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo wana ndoa hasa wanapaswa kulifikiria. Katika runinga, wapenzi ambao hawajaoana huchukuliwa kwa uzito. Muziki hupigwa, machozi hutoka, kamera husogea karibu. Wakishaoana, ama hadithi inakwisha kanisani na shela, ama wanageuka kuwa vichekesho. Mume na mke wa miaka ishirini ni watu wa kuchekwa. Yeye mvivu, mlevi, mwoga wa mkewe, na mke ana mwiko mkononi. Ni kama vile sakramenti hii ni mlango ambao ukiupita unavuliwa heshima. Lile lililo gumu kabisa katika maisha yetu, yaani kuendelea, halina kamera.

Nisidhaniwe kwamba nawachukia wachekeshaji. Nikilazimishwa kuchagua, nitamchagua Mzee Ojwang wa Vitimbi kabla ya Ridge na urembo wake wote. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alimfanya Ojwang kuwa mtu wa ujanja mwingi na busara kidogo, na Mary Khavere akampa Mama Kayai ulimi usioshindwa. Waligombana katika KBC kwa miaka mingi. Lakini hakuna aliyeuliza kama Mama Kayai ataondoka. Baada ya fujo yote, juma lililofuata walikuwa pale pale, na chakula kilipikwa. Watu wengi waliamini kwamba hao wawili walikuwa mume na mke hata nje ya runinga, nao hawakuwa. (Vilevile wengi waliapa kwamba mzee yule ni Mjaluo, kwa jinsi alivyoishika lafudhi, kumbe ni Mkikuyu. Huo nao ni ushahidi wa jinsi tunavyoamini upesi.) Kuna kicheko kinachomvua mtu nguo, na kuna kicheko kinachosema sisi sote ni hivi, tusogee, tuketi. Kile cha Vitimbi mara nyingi kilikuwa cha pili.

Kuhusu matangazo ya biashara nisipoteze nafasi. Mmeona wenyewe nani hufua na nani hunywa.

Na wanaodhani malalamiko ya wanawake juu ya jambo hili ni kelele za Wilbroda, wajue kwamba limehesabiwa. Tangu mwaka 1995 kumekuwa na zoezi la dunia nzima la kuchunguza, kwa siku moja kila miaka mitano, ni nani wanaoonekana na kusikika katika habari za magazeti, redio na televisheni. Mwaka huo, katika nchi 71, wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu waliotajwa au kuhojiwa. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Hizo ni habari, si michezo ya kuigiza. Yaani hata pale ambapo hakuna mwandishi anayebuni wahusika, mwanamke mmoja huonekana kwa kila wanaume watatu. Kanisa nalo halikunyamaza. Ujumbe wa Papa Yohane Paulo II kwa Siku ya Mawasiliano Duniani mwaka 1994 ulihusu televisheni na familia, na ule wa mwaka 1996 ulihusu vyombo vya habari na nafasi ya mwanamke katika jamii. Ukiisoma leo huoni kama imezeeka.

Lakini nirudi kwa yule bwana wa mkoba, kwa sababu mara nyingi tukizungumza juu ya picha za wanawake tunamsahau yeye.

Mwanamume katika runinga amepewa nafasi mbili. Anaweza kuwa yule anayeleta: ana gari, ana ofisi, anaongea kwa sauti nzito, anatatua. Au anaweza kuwa kichekesho. Nafasi ya tatu haipo, na nafasi hiyo ya tatu ndiyo wanaume wengi wa Kenya wanayoishi. Ni mwanamume aliyepoteza kazi bila kosa lake, anayeogopa, na anayemwambia mkewe jioni ile ile. Huyo simkumbuki kutoka mchezo wowote niliotazama. Labda yupo na mimi nimempita. Yule bwana alipopewa barua ya kufutwa, alikuwa na picha mbili tu kichwani mwake. Ya kwanza alikuwa ameipoteza asubuhi ile. Ya pili aliijua vizuri sana, kwa maana watoto wake waliicheka kila juma. Akafanya lile ambalo Papa alifanya. Alivaa suti.

Sisemi kwamba runinga ilimwamrisha. Wanaume walidanganya wake zao kabla umeme haujafika Kenya, naye alikuwa na hiari yake na angeweza kusema. Nasema tu kwamba mtu akiwa gizani hushika kile kilicho karibu na mkono.

Na mke je? Siku zile aliuliza kwa nini pesa zimepungua. Lilikuwa swali la haki, tena swali la mtu mwenye akili, aliyeona kabla ya kuambiwa. Lakini swali hilo lilikuwa limekwisha kupewa jina. Mwanamke anayeuliza habari za pesa ni Wilbroda, na Wilbroda hajibiwi, huchekwa. Jina hilo lilikuwa kama kifuniko cha sufuria. Bwana alikifunika, na kilichokuwa ndani kikaendelea kuchemka. Hapa naona kosa la kimaadili lilipo hasa. Si katika kumcheka Wilbroda wa runinga, ambaye hana moyo wa kuumia. Ni katika kumchukua mtu mzima, aliyekuapia mbele ya altare, na kumfupisha awe kama mhusika ili usilazimike kumjibu. Naye mke alifanya vivyo hivyo asubuhi ile ya tai. Hakujua alichokigusa, na hatia yake ni ndogo kwa sababu hiyo, lakini alitumia silaha ile ile.

Mtaniuliza kama basi hadithi zote ni hatari. Kumbukeni nabii Natani. Mfalme Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua mumewe. Natani hakumwendea na mashtaka. Alimpigia hadithi ya tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi alikasirika sana juu ya yule tajiri, akasema anastahili kufa. Ndipo nabii akamwambia kwamba tajiri huyo ni yeye. Hadithi ya kubuni ilimfikia mahali ambapo maneno makavu yasingemfikia.

Tazameni basi tofauti. Hadithi ile ilimgeuza Daudi ajitazame mwenyewe. Sisi jioni tunaigeuza kwa mwenzetu. Mume akimwona mwanamke mlalamishi katika kioo, humtazama mkewe. Mke akimwona mume mwongo, humtazama mumewe. Mara ngapi mume amemwona mume mwongo akakaa kimya, akijiuliza? Yule bwana wa mkoba alifanya hivyo, nadhani, kila jioni kwa miezi miwili, nayo ilikuwa adhabu kali. Lakini hakuwa na Natani wa kumalizia hadithi. Alikuwa na watoto waliocheka.

Kwa hiyo nilimjibu mama hivi. Runinga iliwapunguzia maneno. Iliwaachia machache tu ya kuitana, nayo yalikuwa ya kejeli. Kuyatumia kulikuwa juu yenu. Msiifukuze runinga nyumbani kama vile ni hawara, kwa sababu watoto wataitazama kwa jirani, bila ninyi, na pale hakuna wa kuwauliza lolote. Itazameni pamoja. Kipindi kikiisha, kabla ya habari kuanza, zimeni sauti kidogo, na mmoja wenu awaulize watoto swali la kawaida: mama yule alikuwa akitaka nini hasa? Au: kwa nini baba yule hakusema ukweli? Watoto hujibu maajabu. Hata wale wa miaka minane.

Na majina ya wahusika yabaki ndani ya kioo. Hilo niliwaomba kama sharti. Kama mnataka kutaniana, nanyi mtaniane, kwa sababu nyumba isiyo na utani ni kama hospitali, tafuteni majina katika maisha yenu wenyewe: siku ile mlinyeshewa mkienda ukweni, kuku aliyeruka akaingia kwenye mchuzi wa wageni. Utani uliozaliwa kwenu hauwezi kusemwa bila kuwakumbusha kwamba mlikuwa wawili.

Kuhusu ukweli wa kazi na mshahara, nilimwandikia bwana mwenyewe barua fupi, na sitaieleza hapa.

Mama aliniandikia tena mwaka jana. Bwana hakupata tena kazi ya ofisini. Amefungua kibanda cha kushona viatu na mikoba karibu na kituo cha matatu, na anaondoka nyumbani na aproni yake imekunjwa chini ya kwapa, majirani wakiona. Pesa ni kidogo kuliko zamani, na mama anazijua zote, kwa maana yeye ndiye anayeandika daftari. Wanagombana bado. Juzi waligombana kwa sababu ya bei ya gundi. Kitinda mimba, ambaye sasa yuko sekondari, alikuwa akifanya mazoezi ya hesabu mezani. Akainua kichwa na kusema, "Baba, mama ameuliza bei. Si umwambie?"

Naye baba akamwambia.